Mpira Katikati ya Meno

Fiorenzo Magni amekunja uso, macho ameyafinya, na mdomoni ameuma ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ncha ya pili ya ukanda imefungwa kwenye usukani. Picha hiyo ilipigwa mwaka 1956 kwenye mbio za Giro d'Italia, siku chache baada ya Magni kuanguka kwenye mteremko na kuvunjika mtulinga wa kushoto. Daktari alimwambia arudi nyumbani. Kesho yake akaonekana kwenye mstari wa kuanzia, bega limefungwa bandeji.

Anayepanda mlima kwa baiskeli hategemei miguu peke yake. Mguu unapokanyaga pedali, mikono huvuta usukani ili mwili usinyanyuke na nguvu isipotee bure. Mkono wa kushoto wa Magni haukuweza kuvuta chochote, na mbele yake palikuwa na kilima cha San Luca kule Bologna, kifupi lakini kimesimama. Fundi wake, Faliero Masi, akachukua tyubu, akakata ukanda, akaufunga kwenye usukani na kumpa Magni ncha ya pili aiume. Yeyote aliyewahi kufunga gunia la mkaa kwenye keria anaujua ukanda huo na anajua unavyovuta. Magni alipanda San Luca akivuta kwa meno.

Hadithi haikuishia hapo. Hatua iliyofuata aliteleza tena, kwa kuwa mkono mmoja hautoshi kushika breki na kuongoza baiskeli kwa wakati mmoja, akaangukia upande uleule na kuvunjika mfupa wa juu ya kiwiko. Akazimia kwa maumivu. Alipozinduka alijikuta ndani ya gari la wagonjwa, akapiga kelele lisimame, akashuka na kurudi barabarani. Siku chache baadaye mbio zikapanda mlima wa Monte Bondone kwenye theluji nzito, wenzake wakijitoa mmoja baada ya mwingine. Magni akafika. Giro ile ilichukuliwa na Charly Gaul wa Luxembourg, na mtu mwenye mifupa miwili iliyovunjika akawa wa pili, nyuma kwa dakika tatu na sekunde 27. Alikuwa na miaka 35, na ulikuwa msimu wake wa mwisho.

Miaka 50 baadaye, tarehe 14 Oktoba 2006, mzee huyohuyo aliwafungulia watu milango ya makumbusho ya baiskeli katika kijiji cha Magreglio, kaskazini mwa Italia. Bila Magni jengo lile lisingesimama. Ndiye aliyeongoza taasisi iliyolijenga, akawafuata wafadhili na kuwashawishi waendesha baiskeli wenzake watoe vitu vyao. Naamini pia kwamba yeye ndiye sababu makumbusho haya hayafanani na kabati la vikombe la klabu yoyote. Mwanzilishi wake alishinda Giro mara tatu, mwaka 1948, 1951 na 1955, na mbio ngumu za Flanders nchini Ubelgiji mara tatu mfululizo, na bado Waitaliano walimwita mtu wa tatu, kwa sababu alizaliwa zama za Gino Bartali na Fausto Coppi. Mtu wa namna hiyo anajua kwamba kufika kwenyewe kuna hadithi, hata kama kombe limekwenda kwa mwingine.

Magreglio iko juu ya mgongo wa milima unaoligawa Ziwa Como katika mikono miwili, na sehemu hiyo huitwa Ghisallo. Ukitokea Bellagio, mji wa watalii ulio ukingoni mwa ziwa, barabara hupanda zaidi ya mita 500 ndani ya kilomita kumi hivi. Mwanzoni inapanda kwa ukali, katikati inakulegezea kidogo ili ujidanganye kwamba kazi imekwisha, kisha inasimama tena. Kileleni, mita 754 juu ya usawa wa bahari, kuna kanisa dogo la karne ya 17 ambalo ukilipita kwa gari la mwendo kasi huenda usilione. Mapokeo yanasema mtu mmoja mkubwa aliyeitwa Ghisallo alivamiwa na majambazi njiani, akaona sanamu ya Bikira Maria, akaikimbilia na kupona. Tangu hapo Mama wa Ghisallo akawa kimbilio la wasafiri wa njia ile.

Wasafiri walibadilika. Mbio za Giro di Lombardia zilianza mwaka 1905, na kuanzia 1919 zikapitishwa Ghisallo. Kila msimu wa majani kupukutika, vijana waliokuwa hoi kwa uchovu walipita mbele ya mlango wa kanisa. Paroko wa pale, Padre Ermelindo Viganò, aliwatazama na kupata wazo, akaomba Mama wa Ghisallo atangazwe rasmi kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Papa Pius XII alikubali, na tangazo likatoka tarehe 13 Oktoba 1949. Taa iliyobarikiwa na Papa ililetwa kwa baiskeli kutoka upande wa Roma, ikipokezanwa njiani, na kati ya walioibeba walikuwamo Bartali na Coppi, mahasimu ambao wakati huo walikuwa wameigawa Italia nzima katikati.

Kuanzia hapo kanisa likaanza kujaa. Mkatoliki aliyeponea ajali au aliyepata alichoomba hupeleka kitu kanisani kama shukrani, na waendesha baiskeli hawakuwa na cha thamani zaidi ya baiskeli na jezi. Wakaleta. Baiskeli zikatundikwa ukutani, zikapanda kuelekea darini: ya Coppi, ya Bartali, ya Eddy Merckx wa Ubelgiji, ya Felice Gimondi, ya Francesco Moser. Jezi zikawekwa ndani ya vioo. Picha ndogo za marehemu, wengi wao vijana ambao jina lao halikuwahi kuandikwa gazetini, zikapangwa safu kwa safu. Hatimaye hapakuwa na nafasi ya kutundika hata pampu, na makumbusho yakajengwa hatua chache tu nyuma ya kanisa, jengo la vioo linalotazama ziwa na milima, sakafu yake ikiteremka taratibu kufuata mteremko wa ardhi.

Ndani ya jengo hilo kuna mkusanyo mkubwa wa jezi za pinki, jezi anayovaa anayeongoza Giro. Rangi hiyo ilitokana na karatasi ya gazeti lililoanzisha mbio, La Gazzetta dello Sport, na wa kwanza kuivaa alikuwa Learco Guerra mwaka 1931. Wapenzi wa takwimu watakaa mbele ya jezi hizo saa nzima. Mimi ningezipita haraka, ila nionyeshe jambo moja: jezi za zamani zimeandikwa majina ya watengeneza baiskeli tu, Bianchi, Legnano, Wilier, halafu ghafla yanatokea majina ya mafuta ya kupaka, mashine za kahawa, mabenki. Aliyefungua mlango huo ni Magni. Viwanda vya baiskeli vilipoishiwa fedha baada ya watu kuanza kununua pikipiki na magari, mwaka 1954 alikwenda kwa watengenezaji wa Nivea na kuwaomba wadhamini timu yake. Wakubwa wa mchezo walinung'unika, kisha wakamwiga.

Kinachostahili muda ni gia. Leo kijana anabonyeza kitufe na cheni inahama yenyewe. Kwenye baiskeli za miaka ya 1920 gurudumu la nyuma lilikuwa na meno pande zote mbili, makubwa upande mmoja na madogo upande wa pili. Ukifika chini ya mlima ulishuka, ukalegeza nati, ukatoa gurudumu, ukaligeuza na kulifunga tena, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Kisha ikaja gia ya kampuni ya Campagnolo iliyoitwa Cambio Corsa, na hii ndiyo inayonishangaza kila ninapoiona. Vijiti viwili vyenye vishikio vimepita nyuma, kando ya gurudumu. Mwendeshaji alipeleka mkono nyuma ya kiti, akageuza kijiti cha kwanza kulegeza gurudumu lenyewe huku baiskeli ikiwa mwendoni, akakanyaga pedali kinyumenyume, akasukuma cheni kwa kijiti cha pili hadi kwenye jino alilotaka, akaacha gurudumu lisogee kwenye meno madogo ya fremu hadi cheni ikaze, halafu akalifunga tena. Yote hayo kwa mkono mmoja, bila kutazama, mpinzani wake akisubiri muda huohuo ili ashambulie. Toleo lake la baadaye, lenye kijiti kimoja, ndilo alilotumia Coppi aliposhinda mbio za Paris–Roubaix mwaka 1950. Tour de France iliruhusu gia za kuhamisha cheni mwaka 1937 tu. Kabla ya hapo wakubwa waliona kwamba gia ni msaada wa wazee na wagonjwa.

Ubishi huo wa mtu na mashine haukuisha. Mwaka 1984 Moser alikwenda Mexico City, ambako hewa ni nyepesi, akaendesha kwa saa moja kwenye uwanja wa mviringo na kufikisha kilomita 51.151. Alikuwa ameivunja rekodi ya Merckx ya 1972, kilomita 49.431, iliyowekwa mjini humohumo. Baiskeli ya Moser ilikuwa na magurudumu ya sahani tupu, bila spoki, ili yakate upepo. Mwaka 2000 shirikisho la kimataifa la mchezo huu, UCI, likaamua kwamba rekodi za baiskeli za aina hiyo zihesabiwe pembeni, na Merckx akarudishiwa kiti chake miaka 28 baadaye akiwa amestaafu zamani.

Baiskeli moja ya Alfonsina Strada nayo imehifadhiwa Ghisallo. Mwaka 1924 waendesha baiskeli mashuhuri wa Italia waligomea Giro kwa sababu ya malipo, na waandaaji, wakihofia barabara tupu, wakafungua milango kwa yeyote atakayejiandikisha. Kwenye orodha likatokea jina "Alfonsin Strada", namba 72, na wasomaji wa gazeti hawakujua kama herufi moja imedondoka kwa bahati mbaya. Alikuwa mwanamke wa miaka 33 kutoka familia ya wakulima, na tayari alikuwa ameshiriki Giro di Lombardia mara mbili wakati wa vita kuu ya kwanza. Mbio zilikuwa na hatua 12 na kilomita 3,613, nyingi kwenye vumbi na matope. Katika hatua ya kutoka L'Aquila kwenda Perugia mvua ilimwagika, akaanguka, usukani ukavunjika. Akachukua mpini wa ufagio, akauchomeka mahali pa usukani, akaendelea. Alifika nje ya muda, na kwa sheria alipaswa kuondolewa. Mkurugenzi wa gazeti, Emilio Colombo, alijua watu wanajipanga barabarani kumtazama yeye, akamruhusu aendelee bila kuhesabiwa kwenye matokeo. Walioanza walikuwa 90. Waliomaliza rasmi walikuwa 30, na Alfonsina akaingia nao Milano. Miaka iliyofuata aliomba kushiriki tena, akakataliwa.

Bartali naye ana kona yake, na hapa makumbusho yanagusa jambo zito kuliko michezo. Wakati wa vita kuu ya pili, bingwa huyo wa Tour de France ya 1938 alikuwa akiendesha kati ya Florence na Assisi akisema anafanya mazoezi. Ndani ya fremu, chini ya kiti, kulikuwa na picha na hati za bandia za Wayahudi waliokuwa wamefichwa kwenye nyumba za watawa. Askari wakimsimamisha, aliwaomba wasiiguse baiskeli kwa kuwa imepimwa sawasawa kwa ajili ya mashindano. Wapo wanahistoria wanaobishana kuhusu wingi wa safari hizo, na yeye mwenyewe alikataa kuzizungumzia hadi alipofariki mwaka 2000. Mwaka 2013 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli ilimtambua miongoni mwa wasio Wayahudi waliookoa maisha ya Wayahudi.

Magni alikuwa upande mwingine. Baada ya vita alishtakiwa kwamba alishiriki na wanamgambo wa Mussolini katika mapigano ya Valibona, karibu na Florence, Januari 1944; kesi iliisha mwaka 1947 kwa kuachiwa, lakini kwa miaka kadhaa watu walimzomea barabarani. Sidhani kwamba makumbusho aliyoyajenga yalikusudiwa kufuta hilo, na sidhani yanaweza. Lakini Bartali, Coppi na Magni wako chini ya paa moja, na mgeni mwenye kuijua historia ya Italia hatakosa kuona nani aliyewapangia nafasi.

Coppi anatuhusu kwa namna ambayo Waitaliano wengi huisimulia kama mkosi tu. Alikuwa bora kuliko wote wa kizazi chake: Giro tano, Tour de France mbili, Giro di Lombardia tano. Desemba 1959, akiwa na miaka 40, alikwenda Volta ya Juu, nchi ambayo sasa ni Burkina Faso, pamoja na Wafaransa kadhaa, wakiwemo Jacques Anquetil na Raphaël Géminiani, rafiki wa Coppi, kushiriki mbio za maonyesho na kuwinda. Walilala chumba kimoja, yeye na Géminiani, na mbu walikuwa wengi. Waliporudi kwao wote wawili wakapandwa na homa kali. Ufaransa damu ya Géminiani ilipimwa, vimelea vya malaria vikaonekana, akapewa kwinini. Italia madaktari walimtibu Coppi kwa mafua makali na ugonjwa wa mapafu, na taarifa kutoka upande wa Géminiani kwamba tatizo ni malaria haikufuatwa. Coppi alifariki tarehe 2 Januari 1960 katika hospitali ya Tortona.

Msomaji wa huku kwetu, ambaye zahanati ya kijijini humtoboa kidole kabla hajaulizwa jina mara mbili, atalisoma hilo kwa uchungu wa aina yake. Dawa ilikuwepo, bei rahisi, inajulikana kwa karne nyingi. Géminiani aliyeipata aliishi hadi Julai 2024, akafariki akiwa na miaka 99.

Ukirudi kanisani, kuna baiskeli moja ambayo wageni wengi huisogelea na kunyamaza. Ni ya Fabio Casartelli, kijana wa jimbo hilohilo la Como, aliyeshinda medali ya dhahabu ya mbio za barabarani katika Olimpiki ya Barcelona 1992. Tarehe 18 Julai 1995, kwenye mteremko wa Portet d'Aspet katika milima ya Pyrénées, kundi lilianguka na kichwa chake kikagonga moja ya vizuizi vya saruji vya ukingoni. Hakuwa na helmeti. Wakati huo helmeti ilikuwa hiari, na waendeshaji walikuwa wamekwisha kugoma mara moja, mwaka 1991, walipotakiwa kuivaa kwa lazima, wakidai joto la milimani. Kifo cha Casartelli kiliwaliza wote na hakikubadilisha sheria. Ilibidi afe mwingine, Andrei Kivilev wa Kazakhstan, katika mbio za Paris–Nice mwaka 2003, ndipo UCI ikafanya helmeti kuwa lazima. Miaka minane ilipotea kati ya vifo hivyo viwili, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo aibu kubwa ya mchezo huu kuliko kashfa zote za dawa.

Nje, kwenye uwanja wa mbele ya kanisa, kuna sanamu ya shaba iliyowekwa mwaka 1973: mwendeshaji mmoja ameinua mkono wa ushindi, mwingine yuko chini ameanguka. Wapiga picha wengi hujipanga upande wa aliyeinua mkono.

Barabara zinazozunguka kanisa bado ni hatari. Agosti 2020, baada tu ya kupita Ghisallo na kupanda kilima jirani cha Sormano, Mbelgiji Remco Evenepoel aligonga ukingo wa daraja na kutumbukia bondeni, akavunjika nyonga. Alipona na kurudi, akawa bingwa wa dunia mwaka 2022. Septemba 2025 mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na kwenye vilima vya Rwanda Evenepoel alikuwa wa pili nyuma ya Tadej Pogačar wa Slovenia. Wiki mbili baadaye, tarehe 11 Oktoba, jezi ya bingwa wa dunia iliyopatikana Kigali ilipita mbele ya mlango wa kanisa la Ghisallo, na jioni matokeo ya Lombardia yalikuwa yaleyale: Pogačar wa kwanza, Evenepoel wa pili.

Ushindi huo wa Lombardia ulikuwa wa tano kwa Pogačar, idadi ileile ya Coppi. Coppi alipata wake kati ya 1946 na 1954. Pogačar alitumia miaka mitano mfululizo, bila kukosa hata mmoja.